Meza ya mwanga ya darktable: nguvu yake iko kwenye kulinganisha

Mtu akiniuliza atumie programu gani ya kuhariri picha, namuuliza kwanza: ukitoka kazini unarudi na picha ngapi? Anayerudi na thelathini, programu yoyote itamfaa. Anayerudi na elfu moja na kitu, kazi yake kubwa haiko kwenye rangi wala mwanga. Iko kwenye kuchambua: hii ibaki, hii iondoke, hizi nne zinafanana, nichukue ipi? Hapo ndipo saa zinapokwenda, na hapo ndipo programu nyingi za kuhariri zinapoonyesha kwamba aliyezitengeneza alifikiria zaidi vitelezi vya rangi kuliko mtu aliyeketi usiku na kadi imejaa.

Mimi hupiga zaidi michezo ya ndani, voliboli hasa, na sherehe mara mojamoja. Voliboli ina mambo yake. Mshambuliaji akiruka, kidole kinabaki juu ya kitufe na kamera inatoa picha kumi kwa sekunde, au zaidi. Ndani ya msururu huo mmoja mpira uko juu ya mkono, halafu uko kwenye kiganja, halafu umeshaondoka. Macho ya mchezaji yamefumba kwenye picha ya tatu, yamefumbuka kwenye ya nne. Fokasi iko usoni kwenye ya tano, kwenye ya sita imehamia kwenye wavu. Kocha anataka moja tu, tena anaitaka leo.

Programu ninayoipitia ni darktable, ile ya bure yenye chanzo huria iliyoanza mwaka 2009. Sitaigusa yote. Nitasema kuhusu sehemu moja, meza ya mwanga, ukurasa wa kupanga na kuchagua kabla hujaingia chumba cha giza kuhariri. Majina hayo yametoka kwa wapiga picha wa enzi ya filamu, waliolaza filamu zilizosafishwa juu ya kioo chenye taa chini yake, wakainama na lenzi ndogo jichoni kukagua fremu mojamoja.

Tathmini yangu naiweka mbele. Kwa kulinganisha picha zinazokaribiana, sijaona meza bora kuliko hii. Kwa raundi ya kwanza, ile ya kupita haraka na kuondoa zilizoharibika, inahitaji upangiwe mambo mawili matatu ndipo itulie mkononi. Na kwa kupeleka uamuzi wako kwenye programu nyingine, nyota zinasafiri vizuri, rangi hazisafiri.

Kabla sijaingia ndani, kuna jambo ambalo kwangu ndilo kipimo cha programu yoyote ya kuchambua. Kuna maswali mawili, na ni tofauti. La kwanza: ibaki au iondoke? La pili: ni nzuri kiasi gani? Swali la kwanza jicho linalijibu papo hapo, hata kabla hujapata maneno ya kulieleza. La pili haliwezi kujibiwa picha ikiwa peke yake, linataka nyingine pembeni. Ukimwekea mtu nyota tano mbele yake kwenye raundi ya kwanza, umemlazimisha ajibu la pili kabla ya la kwanza. Anasimama kwenye kila picha akipima kama ni ya mbili au ya tatu, na kipimo hicho hakina faida yoyote kwa wakati huo kwa sababu bado hajaona zilizobaki. Akifika picha ya mia nne viwango vyake vimeshabadilika, na nyota tatu za mwanzo si sawa na nyota tatu za mwisho.

Lightroom, programu ya picha ya Adobe iliyotoka rasmi mwaka 2007, ilitenganisha maswali hayo kwa bendera. Unabonyeza P ibaki, X iondoke, U ukibadili mawazo. Nyota zipo pembeni, 0 hadi 5, kwa ajili ya baadaye. Toleo la Classic lina pia amri moja nzuri sana ambayo sijui kwa nini haizungumzwi zaidi: ukimaliza raundi, inazigeuza picha zisizo na bendera kuwa zilizokataliwa, na zile ulizozipa bendera ya kubaki inaziondolea bendera zirudi kuwa tupu. Raundi imefungwa, nyingine inaanza na walionusurika tu. Aliyebuni amri hiyo alikuwa amekaa karibu na mtu anayechambua.

darktable haina bendera ya kubaki. Ina R ya kukataa, ina nyota kwa namba za kibodi, ina rangi tano kwa F1 hadi F5. Mara ya kwanza nilidhani huu ni upungufu. Lakini kuna mpangilio mdogo unaobadilisha habari yote: kwa kawaida picha inapoingizwa inapewa nyota moja, haianzi na sifuri. Maana yake ni kwamba kila picha inaanza ikiwa imesimama ngazi ya katikati, na una njia ya kwenda juu na ya kwenda chini. Imenivutia, naipa mbili. Haina kosa lakini haina kitu, naishusha sifuri. Imeharibika kabisa, fokasi hakuna, mwamuzi kapita mbele ya lenzi, R. Sina uhakika, siigusi. Picha ambayo sikuiamulia haihitaji kubonyezwa chochote, na kwenye raundi ya haraka hizo ndizo nyingi. Halafu naweka kichujio cha juu kionyeshe nyota mbili kwenda mbele, na raundi ya pili imejitengeneza yenyewe.

Watu wengi wakiona ile nyota moja wanaenda kwenye mipangilio kuifanya sifuri, kwa kuwa inaonekana kama uchafu. Ningewaomba waiache kwanza. Ukianza na sifuri, unabaki na njia moja tu ya kutoa sauti, kupandisha, na kila picha ya wastani inakuwa sawa na picha ambayo hujaifikia.

Sasa niingie kwenye kile kilichonifanya nibaki. Toleo la 3.0, la mwisho wa mwaka 2019, lilileta hali maalumu ya kuchambua ndani ya meza ya mwanga. Unabonyeza X, vijipicha vyote vinaondoka, na skrini inabaki na picha chache kubwa, idadi uitakayo wewe. Ukibonyeza Tab, paneli za pembeni nazo zinaondoka. Ukiwa umechagua picha kadhaa kabla ya kubonyeza X, unatembea ndani ya hizo tu, huchanganyiwi na nyingine. Na ukitumia Ctrl pamoja na X, skrini inajipanga kwa idadi uliyochagua: ukichagua tatu unaona tatu, ukichagua sita unaona sita.

Nichukue msururu mmoja wa shambulizi. Baada ya raundi ya kwanza zimebaki nne zenye nyota mbili. Nazichagua, Ctrl na X, zinakaa zote nne mbele yangu. Nashika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya juu ya uso wa mchezaji kwenye picha ya kwanza, na zote nne zinakuzwa pamoja, mahali palepale, hadi asilimia 100. Naburuta kidogo kulia, zote zinasogea kulia. Naona nyuso nne kwa mara moja. Kwenye ya pili kope zimetulia lakini ni laini kidogo, fokasi imeshika bega. Ya tatu ni kali mpaka jasho kwenye nyusi linaonekana tone kwa tone. Hapo hakuna kubahatisha tena, wala hakuna kukumbuka. Kwenye programu inayokuonyesha picha moja moja unalinganisha picha iliyo mbele yako na kumbukumbu ya iliyopita, na kumbukumbu ya ukali wa jicho haidumu hata muda wa kubonyeza mshale.

Kuna tatizo moja la kweli hapo: mchezaji anaruka, kwa hiyo uso wake hauko mahali pamoja kwenye fremu zote nne. Ukikuza uso kwenye ya kwanza, ya nne inakuonyesha kiwiko. Wabunifu waliliona. Ukiongeza Shift, kukuza au kuburuta kunaihusu ile picha moja tu iliyo chini ya kishale, nyingine zinabaki zilipo. Kwa hiyo nakuza zote pamoja, halafu kwa Shift nazirekebisha moja moja mpaka nyuso zote zimeingia kwenye dirisha, na kuanzia hapo naburuta zote pamoja tena. Ni mwendo wa sekunde chache, na mkono ukishauzoea haufikirii. Lightroom ina ukurasa wa kulinganisha picha mbili, ambapo kukuza kunaweza kufungwa pamoja au kufunguliwa, na ukurasa mwingine wa kuona nyingi kwa pamoja. Lakini kwa nne zilizokuzwa zote kwa mpigo, huku nikiwa na uhuru wa kuisogeza mojawapo, darktable ndiyo iliyonifaa.

Kipo pia kipimo cha fokasi. Ukishikilia Ctrl na W juu ya picha, inajaa skrini na sehemu zilizo kali zinazungushiwa mstari mwekundu, zilizo kali kidogo zinazungushiwa buluu. Kinasaidia, lakini mtu wa michezo akitumie kwa uangalifu. Kinachotafutwa ni mabadiliko makali madogomadogo ndani ya picha, na wavu wa voliboli ni mabadiliko matupu, kamba nyeusi juu ya mwanga. Wavu ukiwa mbele, wekundu wote utauona kwenye wavu na usoni hakuna kitu, hata kama uso unatosha kabisa kwa gazeti. Mimi nakitumia kwa picha za mtu mmoja aliyesimama. Kwa mashambulizi natazama kwa macho.

Kipimo hicho kinatumia ile JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa, iliyofichwa ndani ya faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu mwenendo mzima wa kuchambua umejengwa juu ya hiyo JPEG. Faili la RAW si picha bado. Kwenye kamera nyingi kila nukta ya sensa imerekodi rangi moja tu, nyekundu au kijani au buluu, na kompyuta lazima ikokotoe rangi mbili zilizokosekana kwa kila nukta ndipo upate kitu cha kutazama. Kwa picha moja si kazi. Kwa elfu moja, ukibonyeza mshale kwa haraka, kompyuta inabaki nyuma yako. Lakini kamera, wakati wa kuhifadhi RAW, huingiza ndani yake JPEG iliyokwisha kutengenezwa, ileile unayoiona kwenye kioo cha nyuma. Photo Mechanic, programu ya kuchambua iliyotoka mwaka 1998 na kupendwa na wapiga picha wa magazeti na michezo, ilijipatia jina kwa kufanya jambo hilo moja vizuri: haikokotoi, inaitoa ile JPEG na kukuonyesha mara moja. Lightroom Classic iliongeza njia ya namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2017.

Tatizo ni kwamba JPEG hizo si za ukubwa mmoja. Baadhi ya kamera zinaweka ya ukubwa kamili. Kamera nyingi za Sony za miaka iliyopita ziliweka ya pikseli 1616 kwa 1080, wakati picha yenyewe ni 6000 kwa 4000. Ukiikuza hiyo kutafuta ukali wa macho, unatazama chini ya theluthi moja ya upana uliopo. Unaweza kuikataa picha kali kwa sababu kijipicha chake ni laini. Kwa hiyo programu nzuri ya kuchambua inapaswa kutumia JPEG kwa kupita haraka, na ikokotoe RAW pale unapokuza. darktable inakuachia uamuzi huo kwenye mipangilio: unachagua kuanzia ukubwa gani iachane na JPEG na kutumia RAW yenyewe. Nashukuru kwamba uchaguzi upo. Ningeshukuru zaidi kama skrini ingeniambia, kwa alama ndogo tu pembeni, kwamba ninachokitazama sasa ni JPEG ya kamera au ni RAW iliyokokotolewa. Hilo ni jambo la kumwambia mtu kabla hajabonyeza R.

Kasi basi inategemea umejiandaaje. Kuna mipangilio miwili ya kuhifadhi akiba kwenye diski, mmoja wa vijipicha, mwingine wa picha kubwa za ukaguzi. Huu wa pili kwa kawaida umezimwa, kwa kuwa unakula nafasi, gigabaiti kadhaa bila wasiwasi. Ukichambua picha nyingi, uwashe. Na ipo programu ndogo inayokuja pamoja nayo, darktable-generate-cache, unayoiendesha kwa mstari wa amri ili vijipicha vyote vitengenezwe kabla hujaketi. Mimi naiwasha kadi ikishanakiliwa, naenda kufanya mengine. Nikirudi, mishale inatembea bila kusita. Aliyezoea Photo Mechanic ataona kwamba haya ni maandalizi mengi kwa kitu ambacho kule kinatokea chenyewe, na ana haki kusema hivyo.

Jambo jingine la JPEG hiyo ni rangi. Kamera imeipaka utofauti wa mwanga na uchangamfu wake. Ukiingia chumba cha giza, picha inatengenezwa upya kutoka kwenye RAW na inaweza kuonekana imepoa. Usiipunguzie nyota kwa hilo. Na kinyume chake, usikatae picha kwa sababu jezi nyeupe imeungua kwenye JPEG. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, RAW ina 12 au 14, na mara nyingi weupe ulioungua kwenye ya kwanza bado una nyuzi za kitambaa kwenye ya pili. Kwenye chumba cha giza kuna alama ya kuonyesha sehemu ambazo RAW yenyewe imejaa kweli. Ningependa alama hiyo ifike kwenye meza ya mwanga, kwa kuwa ndipo uamuzi unapofanyika. FastRawViewer, programu nyingine ya kuchagua picha, imejengwa kwa wazo hilohilo, inakuonyesha histogramu, yaani grafu ya mwanga, ya RAW yenyewe wakati unachagua, na kwa mtu wa mandhari au wa jezi nyeupe ni msaada mkubwa.

Sasa pale inapokukwamisha. Kwenye meza ya mwanga ya darktable, kishale cha kipanya ndicho kinachoamua kibonyezo chako kinaenda wapi. Kikiwa juu ya picha ambayo hukuichagua, namba unayobonyeza inakwenda kwa hiyo iliyo chini ya kishale, si kwa ulizochagua. Kikiwa juu ya mojawapo ya ulizochagua, inakwenda kwa zote. Kuna mantiki, na kuna watu wanaoipenda: unapitisha kipanya juu ya vijipicha na kubonyeza namba bila kuchagua chochote, kama mtu anayepepeta mchele. Lakini mtu anayechambua kwa kibodi, macho yake yako kwenye picha, hayako kwenye kishale. Kipanya kikisogea kwa kuguswa na kiwiko, R inakwenda kwa picha nyingine kabisa. Na kwa kuwa picha nne ziko mbele yako zinafanana, ndiyo maana unazilinganisha, kosa hilo si rahisi kuliona.

Ctrl na Z inarudisha, na inafanya kazi vizuri kwenye nyota na alama. Lakini Ctrl na Z inamsaidia aliyejua kwamba kitu kimetokea. Ningeitaka programu ianze kufuata kibodi mara tu mtu anapobonyeza mshale, na iizungushie picha inayolengwa fremu nene yenye rangi isiyo na ubishi. Kwa sasa dawa yangu ni kuweka idadi kuwa moja kwenye raundi ya kwanza. Picha inajaa skrini, paneli nimezificha, kishale nakiacha katikati, hakina pa kukosea. Nne au sita naziita baadaye kwenye kulinganisha, na huko mkono uko kwenye kipanya hata hivyo.

Lightroom ina jambo dogo kwa raundi ya kwanza ambalo kila mbunifu anapaswa kulitazama: ukiwasha Caps Lock, kila ukitoa bendera au nyota, inasonga yenyewe kwenda picha inayofuata. Kibonyezo kimoja badala ya viwili. Kwa elfu moja, umeokoa vibonyezo elfu moja. Wapo wanaosema inawakimbiza, na kwenye kulinganisha kweli inaudhi. Lakini kwenye raundi ya kwanza ndiyo mwendo wenyewe, na kuiwasha kwa kitufe chenye taa yake kwenye kibodi ni ubunifu mzuri, maana unaona kama imewashwa bila kufungua menyu.

Kuhusu kupanga misururu kwa makundi, darktable inaunganisha yenyewe RAW na JPEG zenye jina moja, na nyingine unaziunganisha kwa Ctrl na G. Kuzipanga kwa muda wa kupigwa ni jambo ambalo Aperture, programu ya picha ya Apple, ilikuwa nalo tangu mwaka 2005, na Lightroom Classic inalo hadi leo: unaiambia zilizopigwa ndani ya sekunde mbili ziwe rundo moja. Apple ilitangaza kuachana na Aperture mwaka 2014, na wapo wapiga picha waliolia kwa ajili ya marundo yale zaidi ya kitu kingine chochote. Nawaelewa. Kwa michezo, rundo la sekunde mbili ni shambulizi moja, na shambulizi moja linatoa picha moja.

Kuhusu kuchambuliwa na mashine sina maneno mengi. Aftershoot, programu inayochambua kwa akili bandia, na wenzake wanatafuta fokasi iliyokosa na macho yaliyofumba. digiKam, nayo ya bure, ina kipangaji cha ubora kinachopima ukungu, chembe na mwanga, kisha kinabandika alama ya kukataliwa, kusubiri au kukubaliwa. Napenda kwamba inabandika alama na kuishia hapo, uamuzi unabaki wako. Kwenye picha za pamoja za timu, watu kumi na wanne mbele ya kamera, mashine ya kutafuta macho yaliyofumba inaokoa muda kweli. Kwenye uwanja, mchezaji aliyefumba macho akipiga kelele baada ya pointi ya mwisho ndiyo picha yenyewe, na hiyo siwezi kuiacha ikataliwe na kipimo cha kope.

Nimalizie na mahali uamuzi unapohifadhiwa, kwa kuwa saa tatu za kuchambua zina thamani ya faili lenyewe. darktable inaandika kila kitu kwenye hifadhidata yake na pia kwenye faili dogo la XMP kando ya picha. XMP ilianzishwa na Adobe mwaka 2001 na ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2012. Ndani yake nyota zina nafasi yake inayoeleweka na wote: 0 hadi 5, na -1 kwa iliyokataliwa. darktable inaheshimu hilo, na ukiingiza picha zilizokwisha kupewa nyota kwenye Lightroom na kuhifadhiwa kwenye XMP, inazisoma nyota hizo.

Kurudi upande wa pili kuna kikwazo cha jina. Lightroom inatafuta faili linaloitwa kwa jina la picha na kuishia na .xmp. darktable inabakiza pia herufi za aina ya faili, kwa hiyo IMG_0001.CR2 inapata IMG_0001.CR2.xmp. Sababu yake ni nzuri, RAW na JPEG zenye jina moja hazigombanii faili moja. Lakini programu nyingine inalipita bila kuliona mpaka ulibadili jina.

Rangi ndizo zenye shida kubwa zaidi, na si kwa darktable peke yake. Kiwango kinahifadhi lebo ya rangi kama neno, hakihifadhi rangi. Lightroom kwa Kiingereza inaandika jina la rangi, Adobe Bridge, programu ya kupanga faili, kwa mipangilio yake ya mwanzo inaandika maneno ya hatua za kazi, na ukihamisha kutoka moja kwenda nyingine bila kuyalinganisha, lebo nyekundu inafika ikiwa nyeupe. Zote mbili ni za kampuni moja. darktable inaziandika rangi kwenye sehemu yake yenyewe ndani ya XMP, ambayo wengine hawaisomi.

Kwa hiyo rangi nazitumia kwa mambo yangu ya ndani tu: nyekundu ni ya kurudia fokasi kwa jicho, kijani imeshahaririwa. Picha zinazokwenda kwa mhariri mwenzangu anayetumia programu nyingine hazibebi rangi yoyote. Nachuja nyota tatu kwenda juu, nazichagua zote, nazinakili kwenye folda ya peke yake yenye tarehe na majina ya timu mbili, namtumia folda hiyo.